Nani hayupo? Historia ya pedali za gitaa, ikisomwa kutoka Timbwani

Najua nimenyamaza muda mrefu. Kazi ya kuandika programu za watu ikizidi, kuandika mambo yangu mwenyewe hupungua. Leo nitaacha kompyuta kando kidogo (nitairudia mwishoni, msijali) nizungumze juu ya gitaa la umeme na yale maboksi madogo ya chuma ambayo mpigaji huyakanyaga kwa mguu ili sauti ibadilike. Wenyewe huyaita pedali, au efekti.

Mambo yalianza hivi. Kijana mmoja jirani yetu hapa Timbwani, ambaye hupiga gitaa kanisani na kwenye harusi, alinijia na karatasi. Alikuwa ameandika majina ya pedali sita. Pesa alikuwa ameziweka mwaka mzima kutokana na bodaboda yake pale kivukoni. "Kaka, wewe ni mtu wa mitambo," akaniambia. "Nianze na ipi?" Nikapiga hesabu. Kwa akiba ile angepata mbili nzuri, au sita za ovyo. Zaidi ya hapo sikuwa na jibu, maana kujua saketi si kujua muziki. Nikamwambia, twende kwa Ami.

Ami si ami yangu wa damu, lakini mtaa mzima unamwita hivyo. Miaka ya 1980 na 1990 alikuwa mpiga rithim katika bendi za mahoteli ya Pwani Kusini. Tulimkuta barazani. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba, akavaa miwani, akaisoma karatasi polepole kama mtu anayesoma hati ya shamba. Kisha akamuuliza kijana swali moja tu: "Kwenye bendi yenu, nani hayupo?"

Kijana alinitazama. Mimi nikatazama chini. Hatukuelewa. Lakini swali lile lilinikaa kichwani, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma historia ya maboksi haya usiku baada ya kazi. Nimegundua kwamba Ami, bila kusoma kitabu chochote, alikuwa na ufunguo wa historia yote. Karibu kila pedali unayoiona dukani ilizaliwa ili kujaza nafasi ya mtu au kitu ambacho hakikuwepo. Ukijua ni nani, utajua kama unaihitaji. Haya, twende.

WAPIGA TARUMBETA HAWAPO

Tuanze mjini Nashville, Marekani, mwishoni mwa 1960. Mwimbaji Marty Robbins alikuwa akirekodi wimbo "Don't Worry". Grady Martin alipopiga gitaa lake la besi, njia moja ya meza ya kuchanganyia sauti ikawa na hitilafu, na gitaa likatoka likikwaruza na kunguruma kama tarumbeta yenye mafua. Waliiacha sauti ile ndani ya wimbo, nao ukapendwa sana mwaka 1961. Fundi mitambo aliyekuwepo, Glenn Snoddy, alishiriki baadaye kuunda saketi ya transista ya kufanya kosa lile kwa makusudi. Kampuni ya Gibson ikaiuza kuanzia 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Waandishi wa programu wenzangu mtacheka: hitilafu imegeuzwa kuwa huduma!

Matangazo ya kwanza ya boksi lile hayakusema litafanya gitaa liwe kali. Yalisema gitaa litaweza kutoa sauti kama za tarumbeta na vyombo vingine vya kupuliza. Watu hawakulinunua sana. Halafu mwaka 1965 Keith Richards wa Rolling Stones alilitumia katika "Satisfaction". Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba ulikuwa mchoro tu: alitaka wapiga tarumbeta waje waipige sehemu ile vizuri. Wimbo ukatolewa kabla hawajaja, na yale maboksi yakaisha madukani.

Pedali ya wa-wa nayo ni hivyo hivyo. Mwaka 1966, katika kampuni ya Thomas Organ ya California, mhandisi Brad Plunkett aliunda kichujio ambacho mguu unaweza kukisogeza: ukikanyaga mbele sauti inachomoza juu, ukirudi nyuma inazama. Toleo la mwanzo lilipewa jina la Clyde McCoy. Huyu hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa mpiga tarumbeta aliyejulikana kwa kuziba na kufungua mdomo wa tarumbeta yake ili ilie kama mtoto. Kufikia 1971 wa-wa ya Charles Pitts katika wimbo wa filamu ya Shaft ilikuwa imezunguka dunia. Ilikuta miji ya bandari kama Mombasa tayari inapenda soul. Ni miaka hiyo hiyo ambapo Slim Ali, mtu wa Mombasa, alikuwa akiimba soul kwa Kiingereza na Hodi Boys.

UKUMBI HAUPO

Mwangwi, au dilei, una hesabu nyepesi ninayoipenda. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde katika hewa yetu ya joto. Mkondo wa Likoni una upana wa kama mita 500, kwa hiyo honi ya feri iliyo upande wa kisiwani hutufikia huku baada ya sekunde moja na nusu hivi. Ukiweka dilei yako kwenye milisekunde 300, umejenga ukuta wa kuwaziwa kiasi cha mita 50 mbele yako. Sauti inakwenda, inagonga, inarudi. Ukumbi mzima umo ndani ya boksi.

Zamani ukumbi huo ulitengenezwa kwa utepe wa sumaku unaozunguka. Watkins Copicat ilitoka London mwaka 1958, Echoplex ikatoka Marekani mwaka 1959, na Roland ya Japani ikaleta Space Echo RE-201 mwaka 1974. Kichwa kimoja kinarekodi, kingine kilicho mbele kidogo kinasoma. Mitambo hii ilikuwa mizito, na adui zake ni vumbi, unyevu na chumvi. Yeyote aliyewahi kufungua redio ya kaseti iliyokaa miaka mitatu karibu na bahari anajua ninachosema.

MPIGA GITAA WA PILI HAYUPO

Hapa ndipo historia inapotugusa sisi wa pwani.

Fundi Konde, mzaliwa wa upande wa Kilifi, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme, baada ya kutumikia kikosi cha burudani cha jeshi la KAR wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hakuwa na boksi lolote miguuni. Mwaka 1971 ndugu Wilson na George Kinyonga, waliotokea Tanga kupitia Arusha, waliingia Mombasa na bendi yao, kisha wakaenda Nairobi na jina la Simba Wanyika. Mwaka 1978 wenzao kadhaa walijitenga wakaunda Les Wanyika, wale wa "Sina Makosa".

Sikiliza muziki huo kwa spika nzuri, si kwa simu. Gitaa la rithim halipigi tu kodi za kusindikiza. Lina sentensi yake, inayozunguka na kuzunguka, na gitaa la solo linaingia katika mapengo ya sentensi hiyo. Wakongo waliongeza hata mtu wa tatu katikati, mpiga mi-solo. Magitaa mawili au matatu yanaposukana hivi, nyuzi haziwi sawa kabisa, na vidole haviangukii sekunde ile ile kabisa. Tofauti hizo ndogo ndizo zinazofanya sauti iwe pana na ing'ae.

Sasa tazama. Mwaka 1969 wahandisi Sangster na Teer wa maabara ya Philips, Uholanzi, walibuni saketi inayopitisha chaji ya umeme kutoka kapasita moja hadi nyingine, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji wakati nyumba inaungua. Sauti ikiingia mwanzo wa mstari, inatoka mwisho ikiwa imechelewa kidogo. Roland wakaitumia mbinu hiyo katika amplifaya ya JC-120 mwaka 1975, na mwaka 1976, kwa jina la Boss, wakatoa pedali ya CE-1. Inachukua sauti yako, inaichelewesha milisekunde chache, inauyumbisha ucheleweshaji huo juu chini, kisha inachanganya nakala na asili. Sikio linadanganyika kwamba wanapiga wawili. Ndiyo maana inaitwa korasi, yaani kwaya.

Nilipomweleza Ami haya, alicheka mpaka akavua miwani. "Kwaya hiyo tulikuwa nayo bila betri," akasema.

JOTO LA SAA NANE MCHANA

Kabla sijaendelea, hadithi moja ya ufundi ambayo sikuielewa mpaka niliposoma. Ami alisema bendi yake ya kwanza ilikuwa na boksi kuukuu la fazi lililoachwa na mgeni. Usiku lilinguruma vizuri. Mchana, kwenye mazoezi, lilikohoa na kukatika katika. Wenzake waliamini lina jini.

Halikuwa na jini, lilikuwa na jerimaniamu. Fazi za miaka ya 1960, kama Fuzz Face iliyotoka London mwaka 1966, zilitumia transista za madini hayo. Transista ya jerimaniamu huvujisha mkondo kidogo hata isipotakiwa, na uvujaji huo huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto. Fundi akiisawazisha kwenye chumba cha nyuzi 20 kule London, halafu uipige Likoni kwenye nyuzi 32, uvujaji umezidi mara mbili, na saketi nzima imetoka kwenye mizani. Jua likizama inajirudi. Fazi za silikoni, zilizoanza kuenea mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, hazina tabia hiyo kwa kiasi kikubwa. Kwa hiyo ukiwa pwani na ukaona mtu anasifu fazi ya jerimaniamu ya zamani kwa bei ya ajabu, muulize anaishi wapi.

MWAKA 1997

Sasa nifike kwenye swali lenyewe.

Miaka ya 1970 na 1980 mahoteli ya pwani yalikuwa shule na mwajiri wa wanamuziki. Them Mushrooms, bendi ya akina Teddy Kalanda na ndugu zake, walipika "Jambo Bwana" kutokana na kupigia watalii, wakaitoa mwaka 1982, kisha wakahamia Nairobi mwaka 1987. Nyuma yao kulikuwa na bendi nyingi ambazo hazikuwahi kutoa sahani. Ya Ami ilikuwa moja ya hizo. Walikuwa watu wanane: solo, rithim, besi, ngoma, tumba, kinanda, na waimbaji wawili. Mpiga solo alikuwa mtu wa bara aliyekuwa amekaa Likoni miaka kumi na moja. Alikodi chumba nyumba ya tatu kutoka kwa Ami.

Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, na ghasia zikaanza. Katika wiki zilizofuata zaidi ya watu 100 waliuawa, na maelfu wakakimbia makwao, wengi wao watu waliotoka bara. Sitaandika mengi hapa. Wazee wa Likoni wanayo vichwani, na wengine hawapendi kuulizwa. Nitaandika tu alichoniambia Ami. Siku ya tatu yule mpiga solo alivuka feri na mkewe na watoto, gitaa mgongoni. Ami alimsindikiza hadi kivukoni. Hakurudi tena.

Watalii waliacha kuja. Mahoteli kadhaa yakafungwa, mengine yakapunguza wafanyakazi. Bendi ya Ami ilipoitwa tena kazini, miezi mingi baadaye, meneja alisema ana mshahara wa watu watatu. Kinanda chenye ngoma za kujipiga, mwimbaji mmoja, na Ami.

Ndipo Ami aliponunua pedali zake mbili za kwanza, korasi na dilei, kutoka kwa mwanamuziki aliyekuwa anauza vyombo vyake. Akaifanyia dilei hesabu kwa sikio: akipiga sentensi yake ya rithim, mwangwi unaangukia katika lile pengo ambalo solo ilikuwa ikiingia. Korasi ikaipanua sauti. "Nikawa najijibu mwenyewe," akasema. "Wageni hawakujua tofauti. Mimi nilijua."

Alipiga hivyo miaka mingi. Kwa hiyo anapouliza nani hayupo, hafanyi mzaha.

KUCHAGUA NA KUPANGA

Nimerudi kwenye karatasi ya kijana na swali hilo mkononi, na hivi ndivyo ninavyoshauri sasa.

Kama mnapiga na kinanda kinachojaza kila pembe, na una mpiga gitaa mwenzako, acha korasi. Utapaka rangi juu ya rangi. Kama uko peke yako na sauti inasikika nyembamba, korasi au dilei ndiyo ya kwanza. Kama unapiga kwa sauti ya chini kanisani lakini unataka ule ukali wa amplifaya iliyofunguliwa hadi mwisho, kinachokosekana ni amplifaya hiyo, na pedali za jamii ya Ibanez Tube Screamer, iliyoanza mwaka 1979, ziliundwa kwa kazi ya aina hiyo: kuisukuma amplifaya kabla haijawasumbua majirani.

Mpangilio nao una historia na mantiki. Waandishi wa programu wanaijua bomba la Unix, lililoingizwa mwaka 1973 kwa shinikizo la Doug McIlroy: toleo la programu moja ni ingizo la inayofuata. Pedali ni bomba hilo hilo kwa waya, na ukibadilisha mpangilio, jibu linabadilika. Fazi hukata vichwa vya mawimbi. Ukiiweka kabla ya dilei, unapata sauti chafu inayorudiwa kwa usafi. Ukiiweka baada ya dilei, sauti asili na mwangwi wake vinaingia pamoja kwenye mashine moja ya kusaga, na kinachotoka ni uji. Kwa hiyo kwa kawaida: wa-wa na fazi mwanzo, korasi katikati, dilei mwisho. Si sheria, ila kabla ya kuivunja ujue kwa nini ipo.

Umeme usiupuuze. Pedali nyingi hutumia volti 9, na Boss wameeneza mtindo wa hasi katikati ya plagi. Fazi nyingi za zamani za jerimaniamu zina upande chanya kwenye ardhi, kwa hiyo ukiziunga na nyingine kwenye adapta moja unaweza kusababisha shoti. Fazi hula chini ya miliampia moja au mbili, betri inakaa wiki nyingi. Dilei ya dijitali inaweza kula 50 au zaidi, na betri ya kawaida ya volti 9 ina kama miliampia 500 za saa. Gawanya mwenyewe: haimalizi harusi mbili. Na ukisikia mngurumo mzito usiokoma, huenda ni ile herzi 50 ya umeme wetu inayoingia kupitia adapta ya bei rahisi. Tafuta adapta nzuri kabla ya kutafuta pedali ya tatu.

NILIVYOJARIBU MIMI

Niliahidi kurudi kwenye kompyuta. Baada ya kusoma haya yote nilijiambia: kama dilei ile ya zamani ilimpa Ami nusu ya mtu, programu ya leo itampa mtu mzima. Nikaandika programu ndogo inayosikiliza gitaa kwa kipaza sauti, inatambua mapigo, na kupiga sentensi ya solo niliyoirekodi awali, ikikaa mahali pake kila mzunguko. Haikuwa kazi ngumu sana. Siku hizi kuna programu huria zinazoiga amplifaya za zamani kwa usahihi wa kutisha, na kompyuta ya kawaida inazimudu.

Jumamosi nikabeba kompyuta hadi barazani. Ami akapiga, programu ikamjibu. Dakika moja, mbili. Nikamwona anapunguza kasi kidogo, makusudi, kisha anaacha pigo moja wazi. Programu ikaendelea na mwendo wake. Akazima nyuzi kwa kiganja.

"Anapiga vizuri," akasema. "Lakini hanisikilizi."

Nikamwambia, Ami, naweza kurekebisha hilo, nipe wiki mbili. Akasema sawa mwanangu, rekebisha. Bado narekebisha.

Kijana naye alikuwa amekaa pale na karatasi yake. Ami akamuuliza tena nani hayupo, na safari hii alikuwa na jibu. Kwenye bendi yao hakuna mpiga rithim. Yeye hupiga solo, kinanda kinafunika mengine, na kila wimbo unasikika kama unakimbia bila miguu. Ami akaichukua karatasi, akakata majina manne, akaacha dilei na ovadraivu.

"Hizi kanunue," akasema. "Rithim haiuzwi. Una mdogo wako wa kiume?"

Anaye, wa miaka kumi na nne. Sasa kila Jumamosi saa kumi napita pale nikitoka dukani nawasikia: sentensi moja ile ile, ikizunguka, ikikosea mahali pale pale, ikianza upya. Hakuna pedali hata moja. Gitaa ni la Ami, waya umefungwa kwa utepe, amplifaya inanguruma herzi 50.

Haya wasomaji, kwa leo ni hayo. Mwenye ujuzi wa kuifanya programu itambue mtu anapopunguza mwendo kwa makusudi, tafadhali aniandikie. Nimeahidi wiki mbili, na ya pili inaisha.